Mnyororo, Joho na Mkaa: Picha za Huruma ya Kikatoliki katika Historia ya Mvita

Miongoni mwa mada zilizochorwa mara nyingi katika sanaa ya kidini ya Ulaya ni ile ya mtakatifu anayejishusha ili mnyonge apate kuinuka: Martin wa Tours akilikata joho lake kwa upanga ili ampe nusu yake maskini anayetetemeka kwa baridi, Elizabeth wa Hungaria akiwahudumia wagonjwa ilhali ni binti wa mfalme, Vincent de Paul akijitia pingu ili mfungwa aende zake. Mada hiyo ilivuka bahari na kufika Kisiwa cha Mombasa, yaani Mvita, mara mbili, mara ya kwanza pamoja na Wareno wa karne ya 16 na mara ya pili pamoja na mapadre Wafaransa wa karne ya 19, na mara zote mbili ilikuta mji uliokuwa na dini yake, sadaka zake na watumwa wake. Makala haya yanaifuata kutoka katika picha moja mashuhuri iliyochorwa mwaka 1865 hadi kwenye kuta za Ngomeni, mitaa ya Mji wa Kale na kanisa kuu la Roho Mtakatifu, kwa nia ya kuonyesha jambo ambalo picha za watakatifu kwa kawaida hulificha, yaani kwamba historia ya huruma haikamiliki mpaka isimuliwe pia kwa upande wa yule aliyefunguliwa.

Picha ya Bonnat

Léon Bonnat, aliyezaliwa Bayonne kusini-magharibi mwa Ufaransa mwaka 1833, alikuwa na umri wa miaka 32 alipoichora picha ya rangi za mafuta inayomwonyesha Mtakatifu Vincent de Paul, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humwita Vinsenti wa Paulo, akiichukua minyororo ya mfungwa wa merikebu ya makasia. Merikebu hiyo ilikuwa chombo chembamba cha vita, chenye tanga pamoja na safu za makasia, na wapiga makasia wake wengi walikuwa wahalifu waliohukumiwa au mateka waliouzwa, wakaishi wakiwa wamefungwa kwa minyororo kwenye madawati walikokalia. Picha hiyo imo katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs jijini Paris.

Kazi hii ni mfano bora wa ile inayoitwa sanaa ya kiakademia, yaani mtindo uliofundishwa katika chuo cha sanaa cha serikali jijini Paris na kupimwa kila mara katika maonyesho rasmi yaliyojulikana kama Salon. Kanuni zake zilimtaka mchoraji ausome mwili wa binadamu kutoka kwa mtu hai, achague tukio kutoka historia, dini au visasili, na alipange tukio hilo kwa namna ambayo mtazamaji angelielewa funzo lake bila kuelezwa. Bonnat aliongeza kitu alichokipata Madrid, ambako aliishi katika ujana wake na kuzitazama kwa makini kazi za Ribera na Velázquez: giza zito nyuma ya watu, na mwanga mkali unaoangukia ngozi, mishipa na chuma, kiasi kwamba uzito wa mnyororo unaonekana kabla hata uso wa mtakatifu haujatazamwa. Katika turubai hiyo kiini cha habari ni uhamisho wa chuma, kwa kuwa pingu zinatoka katika mwili mmoja na kuingia katika mwingine.

Mtu aliyechorwa aliishi kweli, na mengi ya maisha yake yanajulikana. Vincent de Paul alizaliwa mwaka 1581 katika familia ya wakulima, akapata upadre mwaka 1600, na katika barua ya mwaka 1607 akasimulia kwamba miaka miwili kabla yake alikuwa ametekwa baharini na maharamia na kuuzwa mtumwa Tunis, simulizi ambayo wanahistoria wengi wameitilia shaka. Mwaka 1619 aliteuliwa kuwa kasisi mkuu wa merikebu za makasia za mfalme wa Ufaransa, akawa na wajibu wa kuwatembelea wafungwa wake. Mwaka 1625 alianzisha shirika la mapadre wa Misioni, na mwaka 1633, akishirikiana na Louise de Marillac, shirika la masista la Mabinti wa Upendo, ambao walitoka nje ya kuta za utawa wakaenda kuuguza maskini majumbani mwao. Alifariki mwaka 1660, akatangazwa mtakatifu mwaka 1737, na mwaka 1885 Papa Leo wa XIII akamfanya msimamizi wa mashirika yote ya huruma ya Kikatoliki. Kisa cha kuvaa minyororo ya mfungwa kilisimuliwa sana baada ya kifo chake, lakini watafiti hawakihesabu kuwa tukio lililothibitishwa. Kwa hiyo Bonnat alichora masimulizi ya waumini, na nguvu ya kazi yake inatokana na jinsi masimulizi hayo yalivyobeba ukweli wa maisha ya mtu aliyewatumikia wafungwa kwa miaka mingi.

Bahari ya Hindi nayo haikuwa ngeni kwa Vincent. Mwaka 1648 aliwatuma mapadre wawili wa shirika lake, Charles Nacquart na Nicolas Gondrée, kwenda Madagascar, katika kituo cha Wafaransa cha Fort Dauphin. Wakati huo kusini mwa bahari hiyo kulikuwa na Wafaransa wachache tu, ilhali kaskazini, kwenye mwambao wa Waswahili, Wareno walikwisha kukaa kwa nusu karne ndani ya ngome yao ya Mombasa, nao walikuwa wameleta picha nyingine ya huruma.

Joho la Bikira

Mwaka 1498 una matukio mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. Mwezi Aprili merikebu za Vasco da Gama zilifika mbele ya Mombasa na kuondoka kwa kutoaminiana na wenyeji wake. Mwezi Agosti, jijini Lisbon, Malkia Leonor aliunga mkono kuanzishwa kwa Misericórdia, neno la Kireno lenye maana ya huruma. Huu ulikuwa udugu wa walei, yaani Wakristo wasio mapadre wala watawa, walioapa kutimiza matendo 14 ya huruma, saba ya kimwili na saba ya kiroho, yakiwemo kuwalisha wenye njaa, kuwatembelea wafungwa, kuwakomboa mateka na kuwazika maiti. Popote Wareno walipoweka makazi ya kudumu, kuanzia Goa hadi Macau, udugu huo ulifuata, na Mombasa pia ilipata wake.

Alama yake kuu ilikuwa picha. Bendera ya Misericórdia, iliyobebwa katika maandamano na mazishi, ilichorwa Bikira Maria akiwa amelitandaza joho lake, na chini ya joho hilo wamejikinga papa na mfalme, askofu na fundi, mtawa na maskini, wote wakiwa wamepiga magoti. Fikra iliyomo ni pana kuliko ile ya mnyororo wa Bonnat, kwa sababu hapa mtu mmoja habadilishani nafasi na mwenzake, bali jamii nzima imefunikwa na kitambaa kimoja.

Mji uliopokea bendera hiyo ulikuwa na jeraha. Wareno waliuteketeza mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida na tena mwaka 1528 chini ya Nuno da Cunha. Mwaka 1589 meli za Kireno kutoka Goa zilimfuata hapo nahodha wa Kituruki Mir Ali Bey, aliyekuwa ameleta merikebu za makasia, vyombo vya aina ile ile ambavyo Vincent angevihudumia miaka 30 baadaye. Merikebu zake zikatekwa, wapiganaji wa Kizimba waliokuwa upande wa bara wakavuka kuingia kisiwani, na yeye mwenyewe akachukuliwa hadi Lisbon, ambako alibatizwa. Baada ya hapo Wareno waliamua kukaa. Jiwe la msingi la ngome liliwekwa Aprili 1593 kwa ramani ya msanifu Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ngome ikaitwa jina la Yesu, na wenyeji wakaiita Ngomeni. Kati yake na mji wa Waswahili ulikua mtaa wa Wareno ulioitwa Gavana, na ndani yake Ndia Kuu, barabara ambayo hadi leo inamtoa mtembezi kwenye uwanja wa ngome na kumwingiza Mji wa Kale. Huko ndiko mwishoni mwa karne ya 16 watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino walikojenga nyumba yao, wakaiweka chini ya jina la Mtakatifu Antonio.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Mvita haikungoja bendera hiyo ili ijue maana ya kumhurumia mtu. Katika Uislamu zaka ina mafungu manane ya wanaostahili kupewa, na fungu mojawapo ni la kuwakomboa waliomo utumwani. Kumwacha mtumwa huru ni kafara ya makosa kadhaa, na mkataba wa mtumwa kujinunua kwa malipo ya awamu una mlango wake katika vitabu vya fikihi. Wakfu, yaani mali inayofungwa isiuzwe wala kurithiwa ili faida yake iwafae watu daima, ulijenga misikiti, ukatunza makaburi na kuchimba visima. Mbele ya Msikiti wa Mandhry, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa ni wa mwaka 1570 na hivyo kuitangulia ngome yenyewe, kipo kisima cha maji matamu ng'ambo ya njia nyembamba, na mtu anayesimama kati ya mnara mweupe wa msikiti na mdomo wa kisima anaelewa bila kufunuliwa kitabu kwamba sadaka hapa ilitiririka kabla ya Wareno kujenga ngome yao na iliendelea baada yao.

Udhaifu wa joho la Gavana ulijidhihirisha katika kisa cha nyumba ya ufalme. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad, ambaye ukoo wake ulihamishiwa Mombasa kutoka Malindi kwa ridhaa ya Wareno, aliuawa kwa njama ya kapteni wa ngome, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa bado mtoto, alipelekwa huko huko Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa mwaka 1626 awe mfalme Mkristo. Wale waliomwua baba ndio waliokuwa wakimwonyesha mwana picha ya Bikira mwenye joho. Agosti 1631, katika siku za sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Yusuf aliingia Ngomeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu, na katika siku zilizofuata Wakristo wapatao 150, wakiwemo watawa, wanawake, watoto na Waafrika waliobatizwa, wakauawa. Waagustino wa Goa waliendesha uchunguzi rasmi mwaka 1632 ili waliouawa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani, na ushahidi uliokusanywa humo umekuwa hazina kubwa ya historia ya kisiwa.

Haifai kuwadharau waliokufa wala kuwabeza ndugu wa Misericórdia waliozika maiti na kuwalisha wajane. Hata hivyo, joho lililochorwa kwenye bendera halikumfunika Hasan bin Ahmad, wala halikuwafunika watumwa waliofanya kazi katika nyumba za Gavana, na huruma inayogawiwa na mkono uliokwisha kudhulumu haiwezi kudai shukrani ya aliyedhulumiwa.

Mkaa ukutani

Kuna picha ya tatu, nayo haikuchorwa na bingwa wa chuo wala haikubebwa na udugu. Wakati wa uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Ngomeni chini ya James Kirkman, msimamizi wake wa kwanza baada ya ngome kugeuzwa makumbusho, ilifichuliwa plasta ya ukuta katika buruji la San Mateo, yaani mojawapo ya pembe nne za ngome zilizojitokeza nje ili kuwapa walinzi upeo wa kulenga pande zote. Juu ya plasta hiyo mikono ya askari au mabaharia wa Kireno ilichora kwa weusi wa mkaa na wekundu wa udongo merikebu zenye tanga, watu, samaki, makanisa na hata kinyonga. Mistari haina vipimo, merikebu moja inaipanda nyingine, na watu wamesimama wakubwa kuliko majengo yaliyo kando yao. Ni uchoraji wa mtu aliyekuwa na muda mwingi na rangi mbili tu.

Mchoro huu unastahili kuwekwa katika historia ya sanaa ya kidini ya Mombasa kwa sababu unaonyesha imani ilivyoonekana machoni mwa mtu wa chini. Mtakatifu mwenye kung'aa hayumo, wala joho, wala tendo kuu la huruma. Limo kanisa lililoachwa kwao, limo chombo kilichomleta mchoraji na ambacho pengine alitamani kimrudishe, na yumo kiumbe wa Pwani aliyemshangaza. Askari wa ngome hiyo walikuwa watu waliokufa kwa homa na njaa kwa wingi, hasa katika mazingiwa ya Waomani yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, ngome ilipoanguka. Merikebu Santo António de Tanná, iliyotumwa kuwaokoa, ilizama mwaka 1697 chini ya kuta za ngome, ikiwa imebeba jina la mtakatifu yule yule wa nyumba ya watawa. Wareno walirudi kwa muda mfupi tu mwaka 1728 na kuondolewa mwaka uliofuata, na kuanzia hapo Ukatoliki ulitoweka kisiwani kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Mwaka 1888

Ukatoliki uliporudi, ulirudi kwa Kifaransa. Kasisi Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion alifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1863 kazi yake ya umisionari ikachukuliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lenye makao yake Paris. Mwaka 1868 walianzisha Bagamoyo kijiji cha watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa wamenunuliwa sokoni Unguja kwa fedha zilizochangwa Ulaya, zikiwemo senti za watoto wa Ufaransa waliojiunga na Chama cha Utoto Mtakatifu kilichoanzishwa mwaka 1843. Hapa ndipo picha ya kiakademia ilipopata njia ya kufika Pwani, kwa kuwa katika karne hiyo hiyo wachapishaji waliozunguka kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris walizigeuza picha za watakatifu kuwa vikadi vidogo vya bei rahisi, vya kutiwa ndani ya kitabu cha sala, na vikadi hivyo vikasambaa popote mapadre Wafaransa walipokwenda.

Mwaka 1888 unakusanya nyuzi zote za habari hii. Mwezi Januari Papa Leo wa XIII alimtangaza mtakatifu Peter Claver, Mjesuiti wa Kihispania aliyewahudumia watumwa wa Kiafrika katika bandari ya Cartagena, na mwezi Mei akatoa waraka wa kulaani utumwa. Tarehe 1 Julai Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika ambao Pwani na bara huwaita White Fathers, alipanda mimbari ya Saint-Sulpice na kuanzisha kampeni yake dhidi ya biashara ya watumwa, akitegemea habari alizoletewa na mapadre wake waliokuwa wamepita Bagamoyo kuelekea nchi za maziwa makuu. Mwaka huo huo picha rasmi ya Lavigerie ilichorwa, na aliyeichora alikuwa Léon Bonnat, ambaye alitoka naye upande mmoja wa Bayonne. Mkono ulioichora pingu ya Vincent de Paul uliuchora pia uso wa kardinali aliyewataja watumwa wa Afrika Mashariki mbele ya mataifa ya Ulaya.

Mombasa yenyewe ilipokea mapadre wa kudumu wa Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Askofu Raoul de Courmont, aliyesimamia eneo zima la Pwani kutoka Unguja, alifanya mwaka 1890 safari ya kwenda Kilimanjaro pamoja na padre Alexandre Le Roy, na kitabu ambacho Le Roy alikiandika kuhusu safari hiyo kilipambwa kwa michoro aliyoichora kwa mkono wake. Le Roy hakuwa mchoraji wa Salon, lakini alikuwa na jicho la kuheshimu alichokiona, na katika michoro yake Waafrika wanaonekana wakiwa na sura, mavazi na kazi zao, jambo ambalo picha nyingi za kimisionari za wakati ule, zilizomwonyesha Mwafrika akiwa amepiga magoti tu, hazikulifanya. Baadaye, kuanzia mwaka 1896, aliliongoza shirika lake lote kwa miaka 30.

Waumini waliojaza kanisa la mwanzo la Mombasa walikuwa kwa sehemu kubwa Wagoa, makarani, washonaji na wapishi waliofuata kazi za bandari na reli, na hivyo mji ule ule wa Goa uliotuma Waagustino karne tatu nyuma ukawa tena chanzo cha Ukatoliki wa kisiwa. Kanisa kuu la Roho Mtakatifu, lenye minara miwili na matao ya mviringo, lililo katika barabara ambayo sasa inaitwa Nkrumah, lilijengwa kuanzia mwaka 1918 chini ya usimamizi wa Bruda Gustave Walter na kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa. Mombasa ikawa jimbo mwaka 1955 na jimbo kuu mwaka 1990.

Upande wa aliyefunguliwa

Picha ya Bonnat ina upungufu mmoja ambao mtazamaji wa Mvita analazimika kuutaja: mtakatifu ana jina, mfungwa hana. Historia ya Pwani iliandikwa kwa muda mrefu kwa namna hiyo hiyo, mkombozi akitajwa kwa jina na mwaka wake, na aliyekombolewa akihesabiwa kwa idadi. Ukweli ni kwamba watumwa wa Mombasa na vitongoji vyake walianza kujifungua wenyewe kabla mkataba wa mwaka 1873 haujatiwa saini na kabla soko halijafungwa. Walioitwa watoro walikimbia mashamba na kujenga vijiji vya kujitawala katika bara ya nyuma ya Mombasa na Malindi, na kimojawapo kilikuwa Fuladoyo, ambako Wagiriama walioukubali Ukristo waliwakaribisha watoro hao kwa hatari ya maisha yao. Mmoja wa viongozi wake, David Koi, alikamatwa na kuuawa mwaka 1883. Huyo alifanya kwa hakika jambo ambalo Vincent anasimuliwa kuwa alilifanya, yaani kusimama mahali pa waliotafutwa, na alilipia kwa shingo yake.

Hatua za serikali na misheni zilikuja sambamba na harakati hizo. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1875 Waanglikana wa Church Missionary Society walianzisha Freretown, ng'ambo ya Mji wa Kale upande wa bara, kuwa makazi ya walioshushwa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele yake ingaliko, imening'inia katika kijumba chake, na mahali hapo pote pakaitwa Kengeleni, jina ambalo utingo wa matatu hulitaja kila siku. Wenyeji wa makazi hayo waliitwa mahuru au wamisheni, maneno mawili yaliyobeba heshima na pia ubaguzi, kwa kuwa yalimkumbusha kila mtu walikotoka. Mwanzoni mwa mwaka 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokodishiwa Pwani aliwalipa fidia wenye watumwa kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,000 waliokuwa wamejificha Rabai na vituo vingine vya misheni, na watoro hao wakapewa vyeti vya uhuru. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, na hapo tena fidia ilikwenda kwa mwenye mtumwa, si kwa aliyetumikishwa.

Kumnunua mtumwa ili kumwacha huru lilikuwa tendo jema kwa yule mmoja aliyeachwa, na hakuna hoja ya kitaalamu inayoweza kuifuta siku ambayo mtoto alitoka sokoni akaingia katika nyumba yenye chakula. Lakini ununuzi huo pia ulimpa muuzaji fedha, na Bagamoyo waliokombolewa waliishi kwa ratiba kali ya kazi na sala waliyopangiwa na wengine. Huruma ilifungua kufuli. Haki, yaani kuondolewa kwa sheria na soko vilivyotengeneza kufuli, ilihitaji nguvu za aina nyingine, na sehemu kubwa ya nguvu hizo ilitoka kwa watumwa wenyewe walipokataa kukaa.

Pingu hazikuondoka Mvita mara moja. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliifanya Ngomeni kuwa gereza, na ndani ya kuta zile zile zenye merikebu za mkaa wafungwa wa zama nyingine walihesabu siku zao. Ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960 kwa msaada wa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, hivi kwamba wageni kutoka kila bara sasa hupita mahali ambapo wafungwa walilala.

Tathmini inayofaa kutolewa juu ya habari hii yote ni kwamba picha za huruma zilizofika Mombasa zilikuwa na thamani kadiri zilivyomsukuma mwenye kuzitazama kuacha kitu chake mwenyewe. Joho la Misericórdia lilishindwa kwa kuwa lilitandazwa juu ya dhuluma ambayo haikuwahi kuungamwa. Mnyororo wa Vincent ulifanikiwa kila ulipomtoa mtu nyumbani kwake kwenda kuwauguza wengine, kama ulivyowatoa Mabinti wa Upendo. Na mkaa wa Ngomeni unabaki shahidi mnyoofu kwa kuwa hakuna aliyeuchora ili asifiwe. Walimu wa historia, waandishi wa Pwani na wanaowaongoza wageni katika Mji wa Kale wanao wajibu wa kuvisimulia pamoja kisima cha Mandhry, ukuta wa San Mateo, kengele ya Kengeleni na minara ya Roho Mtakatifu, na wanapofika kwenye habari za ukombozi waanze na majina ya watu wa Fuladoyo kabla ya majina ya maaskofu na makonsuli, kwa sababu wao ndio waliouvaa mnyororo, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kuukata.